Rangi Mpya Ndani ya Ngama

Siku ya kwanza nilipokwenda kuitazama ile boti, nilikuwa nimekwisha kuinunua moyoni. Hilo ndilo kosa lenyewe. Mengine yote nitakayoyaeleza hapa ni matawi yake.

Ilikuwa imetia nanga Kilifi, ndani ya mkono wa bahari, mahali ambapo maji hutulia hata kusi ikivuma huko nje. Boti ya tanga, ya faiba, futi 32, iliyoundwa Ulaya mwaka 1979. Ina malazi ya watu watano, jiko dogo la gesi, choo cha kupampu kwa mkono, na meza ambayo ukiishusha hugeuka kitanda cha mtoto. Mwenyewe ni mzee wa miaka sabini na ushei, mzaliwa wa ng'ambo aliyeishi pwani hii hadi Kiswahili chake kikawa cha sokoni na mnadani. Watoto wake wawili walikulia ndani yake. Sasa wameshaondoka, na magoti ya mkewe hayawezi tena kupanda kutoka kwenye mtumbwi. Alikuwa akiuza kwa sababu hiyo, na kwa sababu ya gharama za hospitali.

Nilikwenda na mke wangu, binti yetu wa miaka kumi na mmoja, mdogo wake wa miaka saba, na mjomba. Mjomba ni fundi wa majahazi. Amekalafati vyombo tangu ujanani, Lamu na Mombasa, na vidole vyake hadi leo vina harufu ya sifa. Faiba haijui sana, lakini anajua jinsi chombo kinavyoficha maradhi yake, na nilimwona kuwa ngao ya kutosha. Mimi mwenyewe ni mhasibu, na nusu ya kazi yangu ni kukagua hesabu za watu wengine. Naomba msomaji alikumbuke hilo, kwa maana linanizidishia aibu.

Kwa miezi mitatu nilikuwa nimejisomea namna ya kuikagua boti iliyotumika. Nilijua kwamba sitaha ya faiba mara nyingi ni matabaka mawili yenye mbao nyepesi katikati, na kwamba maji yakipenya kwenye tundu moja la skrubu, mbao ile huoza kimyakimya. Dawa yake ni kugonga. Pazima hulia kwa sauti kavu, pabovu hutoa mlio butu, kama mtu aliyebisha kwenye gunia. Nilijua kutazama vyuma vinavyoshikilia nyaya za mlingoti pale vinapopenya sitaha, kwa kuwa chuma kisichoshika kutu kikikosa hewa na kulowa chumvi huliwa mahali pasipoonekana. Nilijua kukwaruza koki za chini ya maji: shaba ikiwa imegeuka rangi ya waridi, imekwisha nguvu na yaweza kukatikia mkononi. Nilijua kuishika injini kabla haijawashwa. Ikiwa ina joto, muuzaji ameitangulia kuiwasha ili isikuaibishe mbele yako, na yafaa ujiulize kwa nini.

Injini ilikuwa baridi. Ikawaka mara ya pili, ikatoa moshi mweusi kidogo kisha ikatulia. Koki zilikuwa za njano. Mjomba aligonga sitaha kwa mpini wa bisibisi, hatua kwa hatua, kichwa amekiinamisha kama daktari anayesikiliza kifua. Alipata sehemu moja butu karibu na mlingoti, ya ukubwa wa sahani. Mzee akasema anaijua, akatuonyesha daftari alikoandika mwaka alioigundua. Nilimpenda kwa hilo. Mwanangu mdogo alikuwa ameshalala kwenye kitanda cha omo kujaribu kama kinamtosha.

Kisha binti yangu, aliyekuwa akifungua kila kifuniko alichokiona, alifungua mbao za sakafu na kuchungulia ngama.

"Baba," akasema, "mbona hapa pamepakwa rangi mpya?"

Nikainama. Ngama yote ilikuwa ya kijivu cha uzee, yenye mafuta na vumbi la miaka. Lakini upande wa nyuma, pale bolti za mwisho za mkuku zinapopenya, palikuwa na rangi nyeupe safi, kiasi cha viganja viwili. Pembeni mwa ile rangi, kama wino uliovuja chini ya karatasi, mlikuwa na mstari mwembamba wa kutu.

Nikarudisha ubao mahali pake. "Wamepanga usafi," nikamwambia. Kisha nikamwuliza mzee habari za matanga.

Inafaa nieleze kilichokuwa chini ya ule ubao. Katika jahazi, mkuku ndio mti wa kwanza kulazwa, na mataruma na mbao zote huinuka kutoka kwake. Boti kama ile haikuundwa hivyo. Mkuku wake ni pande la chuma la zaidi ya tani moja, lililofungwa chini ya mwili kwa safu ya bolti. Mjomba alipoelezwa alishangaa. "Kwetu chombo hukaa juu ya mkuku," alisema. "Hapa mkuku unaning'inia chini ya chombo." Uzito ule ndio unaoifanya boti isimame baada ya kulazwa na upepo. Ukikatika, boti hupinduka papo hapo na haiinuki tena. Mwezi Mei 2014, boti ya Waingereza iliyokuwa ikirudi nyumbani kutoka Antigua ilipoteza mkuku katikati ya Atlantiki. Watu wanne waliokuwamo hawakupatikana. Wachunguzi walieleza baadaye kwamba kugusa chini mara kwa mara, hata kwa namna inayoonekana nyepesi, kwaweza kulegeza maungo ya mkuku bila mtu kuona. Boti hiyo iliitwa Cheeki Rafiki. Nilikuwa nimesoma habari zake wiki mbili kabla, na neno lile la Kiswahili lilinikaa kooni.

Basi sikuwa mjinga. Nilijua rangi mpya mahali pale yaweza kumaanisha nini. Nikafunga ubao.

Jioni tulikunywa chai kwenye mgahawa wa barabarani. Mke wangu alikuwa akipanga safari ya Desemba kwa sauti: watoto wakifunga shule, kaskazi ikishika, tutashuka hadi Pemba. Mjomba alisubiri wenzetu waende kununua mabuyu, kisha akaniambia bila kunitazama, "Ulifunga haraka, mwanangu."

Sikumjibu.

Usiku ule nilikumbuka insha niliyosomeshwa chuoni, iliyoandikwa mwaka 1877 na mwanahisabati Mwingereza, William Kingdon Clifford. Huanza na kisa cha mwenye meli aliye karibu kuipeleka baharini meli iliyojaa watu wanaohamia nchi za mbali. Meli ni kuukuu, haikuundwa vizuri tangu mwanzo, na imeshatengenezwa mara nyingi. Shaka inamjia: pengine ingefaa aikague upya, ingawa ni gharama. Lakini anajishawishi. Imeshavuka dhoruba nyingi salama, na Mungu hatawaacha watu maskini wanaotafuta maisha. Shaka inaisha. Anaiaga meli kwa moyo mweupe. Inazama katikati ya bahari, naye anachukua fedha za bima.

Clifford hakuwa akitunga hadithi ya mbali. Mwaka mmoja kabla, bunge la Uingereza lilikuwa limepitisha sheria ya kuchora alama ya shehena ubavuni mwa meli, baada ya kelele nyingi juu ya vyombo vibovu vilivyokuwa vikipelekwa baharini na kuzama na mabaharia wake. Tena yeye mwenyewe aliwahi kuvunjikiwa na chombo pwani ya Sisili mwaka 1870, akaokoka.

Wengi hukubali kwamba mtu yule ana hatia. Clifford anaongeza jambo la pili, nalo ndilo gumu. Tuseme meli haikuzama. Tuseme ilifika salama, safari ile na nyingine nyingi. Je, hatia yake imepungua? Anasema haikupungua hata chembe. Kosa lilitimia pale alipojiruhusu kuamini bila haki ya kuamini. Salama ya abiria haikumsafisha. Ilimfanya tu asigundulike.

Nilikuwa nimelisoma hilo nikiwa kijana, nikaona ni ukali wa bure. Usiku ule halikuwa bure. Mimi nilikuwa mwenye meli, na abiria wangu walikuwa wamelala chumba cha pili.

Hata hivyo, kuna mahali siafikiani naye. Clifford anaweka hatia ndani ya imani, na imani haiamriwi. Hakuna anayeweza kuniambia niamini kwamba nje kunanyesha ilhali naona jua, hata akinilipa. Vivyo hivyo siwezi kujiamuru nisiamini kile ambacho moyo umeshakikubali. Ikiwa mtu hawezi kuchagua anachoamini, vipi alaumiwe?

Nilipoirudia siku ile hatua kwa hatua, niliona jibu. Sikuchagua kuamini kwamba bolti ni nzima. Nilichagua kufunga ubao. Nilichagua kuuliza habari za matanga. Ningeingia ndani zaidi ningeona kwamba nilichagua hata fundi ambaye faiba haijui sana. Imani ilikuja baadaye, yenyewe, kama maji yanavyojaa shimo ulilokwisha kulichimba. Moyo hauamriwi, lakini mkono unaamriwa, na jicho, na swali. Hatia ya mwenye meli haikuwa katika utulivu wake wa mwisho. Ilikuwa katika kila siku aliyopita kando ya meli yake akatazama upande mwingine.

Na jambo hili halikuwa langu peke yangu. Sisi wa Mombasa hatuhitaji meli za Waingereza ili tulielewe. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka na watu zaidi ya 250 wakafa maji, hatua chache kutoka nchi kavu. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Kila aliyepanda asubuhi ile aliamini itavuka, kwa kuwa jana ilivuka, na juzi. Mimi siwalaumu wale waliopanda. Walikuwa wakiwahi kazi, na hawakuwa na njia ya kuinua ubao wowote. Ndiyo maana mtu aliye na njia ya kuuinua anabeba mzigo wa wote wasio nayo. Binti yangu aliuinua. Mimi ndiye niliyeurudisha.

Asubuhi nilimwendea mjomba, nikamweleza yote. Yeye ni mtu wa swala tano, na nilidhani atanihimiza nimwachie Mungu. Nikamwuliza tawakali inaishia wapi. Akacheka. Kila mtoto wa pwani anajua mafunzo ya Mtume kwa yule bedui, kwamba amfunge ngamia kwanza ndipo ategemee. "Watu huishia hapo," mjomba alisema. "Mimi naongeza moja. Ngamia hafungwi kwa kamba ambayo hujaikagua."

Tukarudi Kilifi siku ile ile, sisi wawili.

Njiani nilipanga maneno. Kama mkaguzi wa hesabu, nina namna yangu ya kumkabili mtu mwenye ukurasa uliofutwa: unaanza na maswali ambayo majibu yake unayajua, unamwacha ajifunge. Lakini yule mzee alitupokea kwa kahawa, akatuwekea mito tukalie, na mbinu zangu zikanitoka. Nikainua ubao mwenyewe, nikamwuliza tu, "Mzee, rangi hii ulipaka lini?"

Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Miaka sita. Niligusa mwamba tukiingia Shimoni. Si kwa nguvu. Baada ya hapo kutu ikaanza kutoka. Nikaipaka rangi nisiione. Kila ikirudi, napaka." Akamtazama mjomba, mzee mwenzake. "Sikupaka kwa ajili ya mnunuzi. Nilipaka kwa ajili yangu. Mke wangu alikuwa akilala juu ya ubao huu."

Nilikuwa nimejiandaa kukutana na mdanganyifu. Nilikutana na mtu kama mimi, aliyenitangulia miaka sita kwenye kosa lile lile.

Mwanafalsafa Mmarekani William James alimjibu Clifford mwaka 1896. Alisema kuna mambo ambayo ukisubiri ushahidi hayatokei kabisa. Usipomwamini mtu kabla hajathibitisha, hutapata rafiki, kwa kuwa urafiki huzaliwa na ule ule uaminifu ulioutanguliza. Kwa muda mrefu nimedhani lazima nichague kati ya hao wawili. Kilifi nilijifunza kwamba kila mmoja ana uwanja wake. Bolti haiwi imara kwa kuwa umeiamini. Mtu, pengine, huwa mkweli kwa kuwa umemwuliza kama mtu mkweli. James alikuwa sahihi juu ya mzee, na Clifford alikuwa sahihi juu ya chuma. Kosa langu la kwanza lilikuwa kukiamini chuma. La pili, nililonusurika nalo kwa ajili ya kikombe cha kahawa, lingekuwa kumkagua mzee kana kwamba naye ni chuma.

Tulikubaliana hivi: boti itapandishwa, bolti za nyuma zitachomolewa zitazamwe, gharama tutagawana nusu kwa nusu, na zikiwa mbovu nitaondoka bila lawama. Tulisubiri bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa zaidi ya mita tatu, tukaiegemeza kwenye nguzo tupate kuona nje. Kwenye ungio la mkuku, upande wa nyuma, palikuwa na ufa unaoweza kupitisha ukingo wa shilingi. Mjomba aliupitishia kidole. Maji ya kutu yaliendelea kudondoka saa mbili baada ya bahari kuondoka.

Kazi ikawa kubwa kuliko tulivyodhani. Bolti mbili hazikutoka, ikabidi boti ipelekwe yadi, inyanyuliwe, na mkuku wote ushushwe. Desemba ikapita. Kaskazi ikavuma na kumalizika bila sisi. Binti yangu alihesabu majuma kwenye kalenda ya jikoni, kisha akaacha kuhesabu. Fedha za kubadilisha jiko la nyumbani zilikwenda yadi.

Bolti zilikuwa nzima.

Kutu yote ilitoka kwenye mkuku wenyewe na kwenye ufa wa gundi iliyozeeka. Fundi alizisugua zikang'aa, akazipima unene, akasema zingeweza kukaa miaka mingine ishirini. Shemeji yangu, aliyekuwa amekuja kushuhudia, alinipiga begani akacheka. "Umelipia kaskazi nzima kuambiwa kwamba hakuna kitu," akasema. Mke wangu hakucheka. Alikuwa ameahidi watoto Pemba, na alikuwa na haki ya kunitazama vile alivyonitazama.

Nimefikiri sana juu ya siku ile. Zingekuwa zimeliwa, insha hii ingejiandika yenyewe: baba aliyesikia onyo, familia iliyookoka. Badala yake nimebaki na swali la Clifford limegeuzwa upande wa pili. Yeye alisema mwenye meli ana hatia hata kama meli haikuzama. Je, mwenye kukagua ana haki hata kama hakukuwa na kitu cha kukuta?

Nasema ndiyo, ila sina uthibitisho wa kumwonyesha shemeji. Ningefunga ubao na kununua, tungevuka hadi Pemba Desemba ile tukiwa salama kabisa. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, na watoto wangekuwa wamelala juu yake, kwenye kamari niliyoicheza mimi kwa dau lao bila kuwaambia. Wangeshinda. Nisingejua kwamba nimeshinda, wala kwamba nilicheza. Na mwaka uliofuata ningefunga ubao mwingine, kwa wepesi zaidi, kwa kuwa ule wa kwanza haukuniadhibu. Kinachoharibika kwanza mtu anapofanya hivyo si mkuku. Ni ule mkono.

Lakini wenye wasiwasi pia huharibika. Najua mtu Mtwapa aliyekagua chombo chake hadi kikamwozea nchi kavu. Hakuna boti isiyo na mahali ambapo hujagonga, na anayetaka hakika kamili abaki ufukweni. Kwa hiyo nimejiwekea kanuni ndogo, ambayo kufikia sasa imenitosha, hata kazini: naruhusiwa kuacha kukagua, lakini niangalie kwa nini naacha. Nikiacha kwa kuwa nimefika mwisho wa uwezo wangu, hapo tawakali ni halali. Nikiacha kwa kuwa naogopa nitakachokiona, basi ni hapo hapo ndipo pa kugonga.

Tuliinunua mwezi wa Aprili, baada ya mzee kupunguza bei kwa hiari yake zaidi ya nilivyoomba. Safari ya kwanza tulikwenda kaskazini badala ya kusini, kwa kusi, Kilifi hadi Lamu, na mjomba akiwa tezi akiilaumu boti kwa kukosa foromali. Ngama sikuipaka rangi. Nimeiacha ile kijivu yake, na pale nyuma palipokuwa na weupe tulipasugua hadi faiba ikaonekana.

Usiku wa kwanza baharini, nilimsikia binti yangu akishuka na tochi. Akainua ubao, akamulika, akakaa kidogo. Kisha akaurudisha taratibu na kwenda kulala.

Sikumwuliza aliona nini.